KIA ilipotokea Hispania: kisa cha ramani ya viwanja vya ndege

Jumamosi jioni tulipoifungua ramani kwa mara ya kwanza, Tanzania haikuwa na kiwanja cha ndege hata kimoja. Nukta zetu zote zilikuwa zimetawanyika Hispania na Afrika Kaskazini. Dar es Salaam ilikaa Extremadura, karibu na mpaka wa Ureno. KIA, kiwanja chetu cha Kilimanjaro, ilikuwa kwenye Sierra Nevada, milima ya theluji iliyo nyuma ya mji wa Granada. Mwanza ilikuwa mashariki mwa Moroko, Kisumu ilikuwa Algeria, na Nairobi ilikuwa katikati ya maji ya Mediterania. Mwenzangu aliitazama skrini kimya, kisha akaniuliza, "Kaka, hizi namba umezitoa wapi?"

Namba zilikuwa sahihi, ila mpangilio ndio ulikuwa kinyume. Faili la GeoJSON, ambalo ndilo hubeba nukta za ramani nyingi za mtandaoni, lina kanuni iliyochapishwa Agosti 2016 kwa jina la RFC 7946: longitudo hutangulia, latitudo hufuata. Sisi tulikuwa tumeandika kama tulivyozoea darasani kwenye jiografia, latitudo kwanza. Maktaba ya Leaflet, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao tuliutumia kuchora ramani, inaongeza mkanganyiko wake. Ukiipa nukta moja kwa mkono, inataka latitudo kwanza. Ukiipa faili la GeoJSON, inajua kanuni ya faili na kugeuza yenyewe. Kwa hiyo Dar es Salaam, yenye latitudo ya -6.88 na longitudo ya 39.2, ikasomwa kama mahali palipo nyuzi 39.2 kaskazini na nyuzi 6.88 magharibi. Hapo ni Hispania.

Marekebisho yalikuwa ya mstari mmoja. Hata hivyo nimeanza na kosa hili kwa sababu makosa yote yaliyofuata yalikuwa madogo kuliko hilo na yalitusumbua zaidi. Ukiiona KIA iko Hispania unajua papo hapo kwamba kuna tatizo. Nukta iliyokaa mahali panapoelekea kuwa sawa haikushtui.

Kazi yenyewe ilitoka kwenye ofisi moja ya utalii ya Arusha ambayo sitaitaja jina. Walitaka ramani ya kubofya kwa ajili ya watu wao wa buking. Mteja akipiga simu aseme analala kambi fulani, dada wa buking afungue ramani aone kiwanja kilicho karibu, herufi zake tatu za kwenye tiketi, urefu wa njia ya kurukia, na kama ni ya lami au changarawe. Hadi wakati huo walikuwa wanategemea karatasi iliyobandikwa ukutani, iliyotolewa nakala juu ya nakala hadi maandishi yamefifia, pamoja na kumbukumbu ya mzee mmoja wa ofisini aliyewahi kufika karibu viwanja vyote vya porini. Kila mtu alimwita Mzee tu, nasi tukafuata.

Vifaa tulivichagua haraka. Data ya viwanja tuliichukua OurAirports, hifadhidata iliyoanzishwa mwaka 2007 na David Megginson, ambayo iko wazi kwa mtu yeyote kuitumia na ina orodha ya viwanja zaidi ya 70,000 duniani, vikiwemo vya helikopta na vilivyofungwa. Leaflet ilitolewa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine, na bado ni nyepesi kiasi cha kufunguka vizuri kwenye simu ya bei ya chini. Picha za ramani ya chini, yaani barabara, mito na miji, zinatokana na data ya OpenStreetMap, mradi wa kujitolea ulioanza 2004. Kuchora nukta kulituchukua jioni mbili. Kuhakikisha kila nukta inasema kweli kulituchukua wiki kadhaa, na naweza kusema hadi leo kazi hiyo haijaisha.

Baada ya kisa cha Hispania tuliweka ukaguzi mdogo. Kila nukta yenye alama ya Tanzania lazima latitudo yake iwe kati ya -12 na -0.9, na longitudo kati ya 29 na 41. Isiyopita inaandikwa pembeni na kusubiri mtu aiangalie. Siku ya kwanza ukaguzi huo ulikamata loji moja ya jirani na Arusha ambayo kwenye ramani ilikuwa upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, huko Kenya. Orodha ya kambi na loji ilijazwa kwa mkono na watu wa ofisini, na aliyeandika aliiacha alama ya kutoa. Kusini mwa ikweta latitudo ni hasi; ukiisahau ile alama, mahali panavuka ikweta na kwenda umbali uleule upande wa pili. Mtu asiyezijua kambi zetu angeiona nukta ile, angeona nyika, angeamini.

Kisha likaja swali ambalo hatukulitegemea: kiwanja ni kitu gani? Kwenye data hiyo kila mahali pana aina yake, kikubwa, cha kati, kidogo, cha helikopta, cha ndege za majini, na kilichofungwa. Huwezi kuviweka vyote kwa rangi moja. Julius Nyerere ya Dar es Salaam na kipande cha changarawe ndani ya Serengeti vyote vinapokea ndege, lakini mtu anayepanga safari anavihitaji kwa namna mbili tofauti kabisa. Zaidi ya hapo, viwanja vingi vya porini havina zile herufi nne wanazotumia marubani, ambazo kwa Tanzania huanza na HT na kwa Kenya huanza na HK. Visivyo nazo, hifadhidata huvipa utambulisho wake yenyewe, herufi mbili za nchi, kistari, kisha namba. Mwanzoni tuliuonyesha utambulisho huo kwenye kisanduku cha kila nukta kana kwamba ni wa kiserikali. Mzee alipouona aliuliza, "Hii mtaitumia kumwambia rubani?" Tukaiondoa siku hiyohiyo. Rubani ana kitabu chake cha taarifa za anga kinachotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika, na ramani yetu haikukusudiwa kushindana nacho. Chini ya ramani tukaandika kwa herufi zinazosomeka kwamba si ya kurushia ndege.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kisanduku cha kutafutia. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Dada wa buking akaandika "KIA", na ramani, ambayo wakati huo ilikuwa bado na data ya dunia nzima, ikamrusha hadi Papua New Guinea. Kule kuna kiwanja kinachoitwa Kaiapit, na herufi zake tatu rasmi ni KIA. Kiwanja chetu cha Kilimanjaro kwenye tiketi ni JRO. Lakini nani Arusha au Moshi anasema JRO akizungumza? Dereva anasema KIA, bango la barabarani linasema KIA, bibi anayekwenda kumpokea mjukuu anasema KIA. Ramani isiyojua hivyo haikutengenezwa kwa ajili ya watu wa hapa, hata ikiwa na data safi namna gani.

Basi tukakaa na ofisi nzima mchana mmoja, chai na vitumbua mezani, tukaandika majina ambayo watu wanayatumia kweli. JKIA kwa Nairobi, ambayo tiketi inaiita NBO. JNIA kwa Dar. Kisauni kwa Zanzibar, kwa sababu wazee wengi wanaendelea kuita hivyo ingawa sasa ni Abeid Amani Karume. Kwa upande wa Lamu tuliongeza Manda, maana kiwanja kiko kisiwa cha Manda na abiria huvuka maji kwa boti ndipo afike mjini. Tukaiweka taarifa hiyo ndani ya kisanduku cha nukta, kwa kuwa mgeni mwenye masanduku matatu anahitaji kuijua mapema. Kwa "Arusha" ramani sasa inaleta viwanja viwili, kile cha Kisongo kilicho karibu na mji na KIA iliyo kati ya Arusha na Moshi, na inataja umbali wa kila kimoja. Kwa "Pemba" pia inaleta viwili: PMA ya Chake Chake, na POL ya kaskazini mwa Msumbiji. Herufi POL zinatokana na Porto Amélia, jina ambalo Wareno waliuita mji huo enzi za ukoloni. Mji ulibadilishwa jina, herufi zikabaki. Mtu akinunua tiketi ya Pemba isiyo yake, kati yake na familia yake kuna mamia ya kilomita na mpaka wa nchi.

Kosa la Namibia lilikuja baadaye, ofisi ilipoomba ramani ipanuliwe ifike Afrika nzima, kwa sababu wateja wengine wakimaliza Serengeti huendelea kusini. Tulisafisha data kwa lugha ya kompyuta ya Python na maktaba yake ya pandas, tukafuta mistari isiyo na nchi, tukapakia. Siku mbili hakuna aliyegundua kitu. Siku ya tatu dada wa buking akaniuliza kwa upole, "Kaka, Namibia hawana kiwanja hata kimoja?" Nilidhani amechuja vibaya. Nikafungua mwenyewe: Angola ina nukta, Botswana ina nukta, Afrika Kusini imejaa, na katikati yake pamebaki peupe kuanzia mto Kunene hadi mto Orange. Windhoek haipo. Walvis Bay haipo.

Alama ya kimataifa ya Namibia ni NA. Pandas inaposoma faili, kwa mpangilio wake wa kawaida huchukulia herufi NA kuwa na maana ya "hakuna taarifa". Kwa hiyo kila kiwanja cha Namibia kilisomwa kama kiwanja kisicho na nchi, nasi tulikuwa tumeamuru visivyo na nchi vifutwe. Tiba yake ni kuiambia pandas, kwa agizo la keep_default_na=False, iache herufi hizo kama zilivyo. Nimekutana na maelezo ya kosa hili mara nyingi tangu siku hiyo, watu wakilieleza kama kituko cha kompyuta. Mimi liliniuma. Programu iliifuta nchi nzima, haikutoa onyo lolote, na mimi niliyeandika yale maagizo sikuhesabu nchi zilizoingia na zilizotoka. Sasa ukaguzi wetu unahesabu: orodha ya nchi kabla ya kusafisha na baada ya kusafisha lazima ilingane, ama sivyo faili halitoki.

Vipimo vya kimo juu ya usawa wa bahari sivitolei maneno mengi. Data inatoa kimo kwa futi. KIA imeandikwa 2,932, na ukiisoma kwa mita utakuwa umeipandisha juu kupita Nairobi, wakati ukweli ni mita 894. Kuzidisha kwa 0.3048 kunatosha.

Kuiweka ramani hewani kulileta aibu ya aina nyingine. Kwenye kompyuta ya mwenzangu kila kitu kilifanya kazi. Tukaipandisha GitHub Pages, ambako kuhifadhi tovuti ya namna hii hakuna malipo, tukafungua mbele ya mama mwenye ofisi, na ramani ya chini ikaja vizuri bila nukta hata moja. Sababu zilikuwa mbili kwa mpigo. Faili tulilipa jina la Viwanja.geojson kwa herufi kubwa ya mwanzo, na ndani ya msimbo tukaliita viwanja.geojson. Windows haijali tofauti hiyo, seva inaijali. Tena tulianza njia ya faili kwa mkwaju (/), tukimaanisha mwanzo wa tovuti, ilhali mradi wetu ulikuwa ndani ya folda yenye jina lake. Seva ikawa inatafuta faili kwenye nyumba ya jirani. Mama alikuwa mvumilivu, akasema, "Haya wanangu, mkiwa tayari mnaniita," akarudi kwenye kazi zake. Tulirekebisha tukiwa palepale mapokezi.

Uzito ulikuwa jambo la msingi tangu mwanzo, maana madereva wangeitumia ramani kwa bando lao. Faili zima la OurAirports lina zaidi ya megabaiti 10. Tukabaki na Afrika peke yake, tukaondoa safu zisizohitajika, tukakata desimali za latitudo na longitudo zibaki nne, ambazo zinatosha kwa usahihi wa takriban mita 11, na faili likashuka hadi kilobaiti 300 hivi kabla hata ya kubanwa na seva. Nukta tukazichora kama miduara kwenye turubai moja badala ya picha moja moja, na zikikaribiana sana zinajikusanya kuwa mduara mmoja wenye idadi ndani. Kwa picha za ramani ya chini hatukuzitegemea seva za OpenStreetMap zenyewe. Zinaendeshwa kwa michango, zina masharti yake, na ofisi ya biashara inayoweza kulipa inapaswa kulipia huduma hiyo kwingine. Jina la OpenStreetMap liko kwenye kona ya ramani yetu kama leseni inavyotaka.

Lakini porini mtandao hukatika. Ndiyo maana tuliongeza skripti inayokaa ndani ya kivinjari na kuhifadhi nakala ya ramani kwenye simu, ili ifunguke hata pasipo na mnara. Nilijivunia sana kipande hicho. Na hicho ndicho kilichokaribia kutuletea madhara.

Serengeti ina kambi zinazohama. Nyumbu wanapokuwa nyanda za kusini kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kambi hizo ziko upande wa Ndutu. Nyumbu wakifika Mto Mara katikati ya mwaka, mahema yanafungwa na kuhamishiwa kaskazini, upande wa Kogatende. Jina la kambi ni lilelile. Kati ya kiwanja cha Ndutu na kiwanja cha Kogatende ni zaidi ya kilomita 150 kwa mstari ulionyooka, na kwa barabara za hifadhini ni safari ya kumaliza siku. Tulilijua hilo, kwa sababu Mzee alitwambia mapema, na mwezi Juni tulizihamisha nukta za kambi hizo kwenye faili, tukapandisha, tukahakikisha kwenye kompyuta zetu. Zilikuwa zimehama.

Kwenye simu za watu hazikuhama. Ile skripti ilikuwa na amri ya kutazama kwanza nakala iliyo kwenye simu, na kwa kuwa ilikuwepo, haikwenda kuuliza kama kuna mpya. Mwezi Julai dada wa buking, akiwa nje ya ofisi na simu yake, alifungua ramani, akaona kambi iko Ndutu, akaandika kwenye rasimu ya safari kwamba wageni wanne watue Ndutu. Rasimu ilipita mezani kwa Mzee kabla ya kwenda kukatiwa tiketi. Akaisoma, akavua miwani, akasema, "Mwezi wa saba hii kambi haiko Ndutu. Nani kaandika hivi?" Dada akasema ramani ndiyo iliyosema hivyo.

Nilipigiwa simu jioni ile. Nilikwenda na kuiona simu yenyewe: nukta safi, rangi nzuri, jina sahihi, mahali pa miezi mitatu iliyopita. Karatasi ya ukutani walau ilionekana kuwa kuukuu, na mtu akiitazama alikuwa na shaka nayo. Ramani yetu ilisema jambo la zamani kwa sura mpya, na hakuna kitu chochote juu yake kilichomwonya dada yule. Sikuwa na cha kumlaumu. Alifanya kile tulichomfundisha.

Tulibadilisha mambo matatu wiki hiyo. Kwanza, skripti sasa huenda mtandaoni kwanza kutafuta faili la nukta, na nakala ya simuni hutumika pale tu mtandao unapokosekana. Pili, jina la faili linabeba tarehe yake, hivyo faili jipya haliwezi kufunikwa na la zamani lenye jina hilohilo. Tatu, kila nukta ina mstari unaosema ilithibitishwa lini. Kwa kambi zinazohama, siku 60 zikipita bila uthibitisho nukta inageuka kijivu na maandishi yanasema piga simu kwanza.

Karatasi ya ukutani nayo tuliipitia mstari kwa mstari kabla ya kuishusha. Humo tulikuta MBI ikiwa imeandikiwa kiwanja cha zamani cha Mbeya mjini, ambacho safari zake zilihamia Songwe mwishoni mwa 2012, na herufi hizo zikaenda nako. Tulikuwa tumeinakili hivyohivyo kwenye data yetu, kwa hiyo aliyeandika MBI alipata nukta mbili na hakujua ashike ipi.

Uthibitisho wa kambi anaufanya Mzee. Jumatatu asubuhi, kabla simu za wateja hazijaanza, huketi na orodha ya nukta zilizogeuka kijivu, hupiga simu kambi moja baada ya nyingine, "Habari za huko, mko wapi sasa?", na kila ikijibiwa hubofya kitufe kimoja na tarehe inabadilika. Wiki iliyopita alinionyesha kambi mbili ambazo hazikupokea simu. Hakubofya. Zimebaki kijivu.